Mchekeshaji Akizeeka

Mwezi huu nina swali ambalo kwa haraka laweza kuonekana la mchezo. Mchekeshaji akizeeka, je, ucheshi wake nao huzeeka? Wako wanaosema kwamba kuchekesha watu ni kazi ya vijana, kama vile kucheza mpira, na kwamba mtu akishapita miaka 60 watu humcheka kwa adabu tu, jinsi tunavyocheka kisa cha bwana nyumbani ambacho tumekisikia tangu siku za uchumba. Mimi sikubaliani nao. Lakini hebu kwanza tuwatazame wenyewe wenye kazi hiyo.

Ninaposema mchekeshaji hapa simaanishi mwigizaji kama marehemu Amri Athumani wa Tanga, yule tuliyemwita King Majuto, aliyefariki mwaka 2018. Mwigizaji ana wenzake wa kumpokea neno. Namsema yule anayesimama jukwaani peke yake na kipaza sauti, asiye na silaha ila mdomo wake. Siku hizi vijana wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaifanya kazi hii, lakini Wamarekani wameifanya kwa muda mrefu zaidi, hata wakapata wazee ndani yake waliofikisha miaka 80, 90, na wengine 100. Ndiyo maana mifano yangu itatoka kwao.

Tusidanganyane, mwili huchoka. Watu hudhani mchekeshaji anaishi kwa ulimi, kumbe anaishi zaidi kwa masikio. Ni lazima asikie kicheko kinavyoanza, kinavyopanda na kinavyoshuka, ndipo atie neno la pili. Akiwahi, neno lake humezwa na kelele. Akichelewa, ukumbi umekwisha kupoa. Bob Hope, aliyezaliwa London mwaka 1903 akahamia Marekani akiwa mtoto, alikuwa bingwa wa jambo hili, na maneno yake yalitoka kwa kasi ya ajabu. Alifanya kazi na shirika la utangazaji la NBC kwa karibu miaka 60, hadi mwaka 1996, na alikwenda kuwachekesha askari tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi ile ya Ghuba. Alikuwa na waandishi wengi, na maneno yao yaliandikwa kwa herufi kubwa kwenye makaratasi yaliyoshikwa karibu na kamera ili ayasome. Sasa fikiri, mama, macho yanapofifia na masikio yanapokuwa mazito, mtu wa namna hiyo atafanya nini? Ile kasi iliyomjenga ndiyo iliyomwacha njiani. Tena, kwa maoni yangu, palikuwa na shida nyingine kubwa kuliko macho. Vichekesho vyake vilihusu marais, gofu na habari za wiki. Vingeweza kusemwa na mdomo wowote. Mtu wa miaka 85 alikuwa amesimama mbele ya watu, na kuhusu kuwa na miaka 85 alisema machache mno. Alifariki mwaka 2003 akiwa na miaka 100, akiheshimiwa sana. Lakini heshima na kicheko ni vitu viwili.

Mweke sasa karibu na mwenziwe, George Burns, aliyezaliwa New York mwaka 1896. Huyu habari zake nitazieleza kwa kirefu, maana ndani yake mna mke.

Burns alianza kazi pamoja na Gracie Allen kabla hawajaoana. Siku ya kwanza walipopanda jukwaani mpango ulikuwa kwamba Gracie aulize maswali na Burns atoe majibu ya kuchekesha. Kumbe watu wakacheka maswali ya Gracie, na majibu ya Burns yakaanguka chini. Mwanamume mwingine angenuna, au angemwambia yule binti apunguze madoido. Burns aligeuza mambo: Gracie akapewa vichekesho, naye akawa muulizaji. Wakaoana mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka 30 kazi ya Burns ikawa kumwuliza mkewe swali, kisha kungoja. Redioni na kwenye televisheni aliyependwa na watu alikuwa Gracie. Mume aliliona hilo na akaridhika nalo, tena akalitangaza waziwazi.

Mwaka 1958 Gracie, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, aliacha kazi. Burns akajaribu kuendesha kipindi peke yake, kikafa baada ya msimu mmoja. Mwaka 1964 Gracie akafariki. Hapo watu wangeweza kusema kwamba mzee amekwisha, na kwa miaka zaidi ya kumi ilielekea hivyo. Kisha rafiki yake wa siku nyingi, Jack Benny, akafariki mwishoni mwa mwaka 1974, na Burns akapewa nafasi ya rafiki huyo katika filamu iliyoitwa The Sunshine Boys. Ilihusu wachekeshaji wawili wazee waliogombana. Mwaka 1976, akiwa na miaka 80, alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo, na hadi wakati ule hakuna mwigizaji aliyewahi kuipata katika umri mkubwa namna ile.

Baada ya hapo alirudi jukwaani, na jambo lililomsaidia ni kwamba hakujifanya kijana. Alikuwa akizungumza polepole, ameshika sigara yake nene, akiivuta watu wanapocheka na kuanza tena wanaponyamaza. Polepole ile ilikuwa mali yake tangu zamani, maana miaka yote kazi yake ilikuwa kungojea. Uzee haukumnyang'anya kitu. Na alichekesha juu ya nini? Juu ya kuzeeka kwake, juu ya marafiki aliowazika, juu ya madaktari waliomkataza sigara wakafa wakamwacha. Aliweka miadi ya kutumbuiza Las Vegas na London siku atakapotimiza miaka 100. Miadi hiyo haikutimia, kwani mwaka 1994 alianguka bafuni na tangu hapo hakuwa na nguvu. Alifariki tarehe 9 Machi 1996, siku 49 baada ya kutimiza miaka 100, akazikwa na mkewe. Kwenye kibao cha kaburi lao jina la Gracie limetangulia, kama Burns mwenyewe alivyotaka.

Nimesikia mama mmoja akisema, "Huyo ni mwanamume. Mwanamume akiwa na mvi huitwa mwenye busara. Mimi nikiwa na mvi naambiwa nikae jikoni." Neno hilo lina ukweli, basi tuwaangalie wanawake.

Kulikuwa na mwanamke mweusi, Loretta Mary Aiken, mzaliwa wa North Carolina, aliyejulikana kwa jina la Moms Mabley. Alipokuwa bado kijana alikuwa akipanda jukwaani amevaa kama bibi kizee: gauni la nyumbani lililochakaa, kofia iliyolegea, viatu vikubwa. Baadaye hata meno ya bandia aliyavua. Kwa nini kijana ajizeeshe? Kwa sababu bibi kizee anaruhusiwa kusema. Msichana mweusi wa siku zile angesema habari za ubaguzi wa rangi mbele ya watu akaona cha moto, lakini bibi akisema watu hucheka kwanza, na kichwani neno limekwisha ingia. Mwaka 1962 alisimama katika ukumbi maarufu wa Carnegie Hall huko New York. Kwa wakati huo yule bibi wa kuigiza na mwanamke mwenyewe walikuwa wamekuwa mtu mmoja, na aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 1975. (Niwaonye tu kwamba mizaha yake mingine kuhusu wanaume vijana si ya kuwasomea watoto.)

Jambo hili kwetu si geni hata kidogo. Utani wa bibi na mjukuu tumeukuta. Bibi humwita mjukuu wake wa miaka minne "mume wangu" na kumdai kitenge, na nyumba nzima hucheka, pamoja na mkwe ambaye asingethubutu kusema mzaha huo. Mila zetu zilijua kwamba mtu aliyevuka miaka ya kuona haya anapewa uhuru wa ulimi. Ajabu ni kwamba sisi akina mama wa leo tunauogopa umri huo, na tukiingia humo tunakuwa wakali badala ya kuwa watani.

Joan Rivers, aliyezaliwa mwaka 1933, aliingia katika jambo gumu zaidi. Baada ya miaka mingi ya kazi alipata kipindi chake cha usiku mwaka 1986. Mwaka uliofuata aliondolewa, na miezi michache baadaye mumewe, Edgar, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia kipindi hicho, alijiua. Mama huyu alikuwa na miaka 54, ana binti mmoja, na kazi zilikauka. Ni nani angetaka kuchekeshwa na mjane wa namna ile? Lakini alirudi jukwaani, tena akakitaja kifo chenyewe mbele ya watu. Wengi walichukizwa. Mimi nimelifikiria sana jambo hili, na siwezi kumhukumu. Wajane wengi tunaowajua walicheka kwa mara ya kwanza baada ya mazishi kisha wakaziba mdomo, wakatazama kama kuna aliyewaona. Huyu hakuziba. Alikuwa akisema lile ambalo watu wote ukumbini walikuwa wakilijua na kuliogopa, na baada ya kulisema aliweza kuendelea kuishi.

Hata hivyo sitawaambia kwamba kila alichokisema kilikuwa kizuri. Matusi alikuwa nayo, na kwa miaka mingi aliwacheka wanawake wengine kwa unene wao. Katika filamu ya mwaka 2010 iliyoonyesha maisha yake, mtu mmoja ukumbini alipaza sauti kwamba ana mtoto kiziwi, na kwamba mzaha uliotoka kusemwa haukumchekesha. Rivers alimjibu kwa ukali sana. Alipotoka jukwaani alionyesha kumhurumia, lakini mtu yule alikwisha kuondoka na maumivu yake. Mimi niko upande wa baba yule. Hata hivyo filamu hiyohiyo ilionyesha makabati yake yenye vichekesho vilivyoandikwa kwenye kadi na kupangwa kwa herufi, ikamwonyesha mwanamke wa miaka zaidi ya 70 akizunguka kumbi ndogondogo kujaribu maneno mapya. Mwaka 2014, akiwa na miaka 81, alikuwa jukwaani New York usiku mmoja kabla ya kufanyiwa uchunguzi wa koo uliomletea matatizo yaliyomwua.

Hapo ndipo naiona tofauti. Anayebaki kuchekesha ni yule anayeendelea kuangalia maisha aliyo nayo leo, na anayekubali kulitupa neno la zamani hata kama lilimpatia nyumba. Akili haiishi ucheshi kwa sababu ya miaka. Ucheshi hukauka mtu anapojifungia na sifa zake za zamani, asikae na watu wala kusikia wanalolia nalo.

Ninayempenda kuliko wote nimemweka mwisho. Phyllis Diller wa Ohio, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa mke na mama wa watoto watano alipopanda jukwaani San Francisco mwezi Machi 1955. Alikuwa na miaka 37. Mumewe ndiye aliyemsukuma. Alichekesha juu ya chakula kilichoungua, nguo zisizopigwa pasi, na mume wa kubuni aliyempa jina Fang, yaani jino kali. Nywele zake zilisimama kama aliyeamshwa na radi, na mkononi alishika kijiti chenye sigara ya mti, maana hakuwa mvutaji. Alipewa wiki mbili tu za kujaribiwa katika klabu ile, akakaa wiki 89.

Kila kichekesho alikiandika kwa taipureta kwenye kadi. Vingine alivinunua kutoka kwa akina mama wa nyumbani waliomwandikia barua, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Alipoanza kuzeeka aliacha kuficha. Alipofanyiwa upasuaji wa uso alilitangaza mwenyewe na kulifanya kichekesho.

Mwaka 1999 alipatwa na ugonjwa wa moyo, akarudi kazini. Lakini mwezi Mei 2002, akiwa na miaka 84, alisimama Las Vegas kwa mara ya mwisho, akaaga. Alikuwa bado anachekesha ukumbi mzima. Nguvu za kusafiri ndizo zilizokwisha. Alirudi nyumbani akachora picha, akaishi miaka kumi mingine. Mwaka 2003 aliipa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, huko Washington, kabati lake la chuma lenye droo 48, na ndani yake kadi zaidi ya 50,000. Mwaka 2017, miaka mitano baada ya kifo chake, watu waliojitolea walianza kuzinakili moja moja kwa kompyuta, kila mmoja nyumbani kwake.