Sabuni na madumu yafike pamoja na unga

Familia zinazohamishwa na mafuriko ya Mto Tana zinapaswa kupewa maji salama, sabuni na vyoo siku ileile zinapopewa unga na mablanketi. Katika mafuriko ya 2024, kipindupindu kilizuka katika Kaunti ya Tana River, nchini Kenya.

Viwango vya Sphere vya misaada ya kibinadamu vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Bila madumu yenye vifuniko, hata maji yaliyotiwa dawa huchafuka kabla ya kunywewa. Sodo nazo, zinazosahaulika mno, ni haja ya kila mwezi, mafuriko yawepo yasiwepo.

Wenye dhamana ya kukabiliana na maafa waweke akiba ya vifaa hivi Garissa na Hola sasa, kabla mvua za masika hazijaanza.