Donge limetoka, damu je?
Daktari akishapitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi ubongoni na kulitoa donge lililoleta kiharusi, ndugu hushangilia mapema. Mishipa iliyokaa bila damu huwa imedhoofika, na damu inaporudi kwa kasi inaweza kuvujia ndani ya ubongo. Picha ya CT ya kabla ya matibabu husaidia kukisia hatari hiyo: kipimo cha ASPECTS, kilichobuniwa Calgary, Kanada, huanza na alama 10 na kupunguza moja kwa kila eneo lililoonyesha madhara. Alama zikishuka, hofu ya kuvuja hupanda, na kwa miaka mingi wenye alama chache waliachwa na donge lao. Hapo ndipo ninapogomba. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa wa alama 3 hadi 5. Waliotolewa donge walivuja damu zaidi, asilimia 58 dhidi ya 31 ya wasiotolewa, ingawa kwa wengi wao haikuzidisha hali. Lakini walioweza kutembea wenyewe baada ya siku 90 walikuwa asilimia 31 dhidi ya 13 hivi. Picha basi itueleze nani aangaliwe kwa karibu, presha yake idhibitiwe na CT irudiwe (nayo ya pili ina mtego wake, maana dawa ya kung'arisha mishipa huonekana nyeupe kama damu). Kumnyima mgonjwa matibabu kwa sababu ya alama hizo pekee ni kosa.