Mzee Ojwang na Uziwi wa Wahakiki

Mwanafunzi wa uzamili akitaka kuandika tasnifu juu ya Kinjeketile (1969) au Mashetani (1971) za Ebrahim Hussein, hakosi msimamizi. Akitaja Vitimbi, huulizwa matini i wapi. Swali hilo, lenye sura ya taaluma, ndilo lililomnyima Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, nafasi yake katika historia ya drama ya Kiswahili nchini Kenya.

Ajabu ni kwamba idara hizo hizo hufundisha fasihi simulizi, na mtambaji wa ngano hadaiwi mswada. Mwigizaji anayebuni maneno papo kwa papo mbele ya kamera ndiye anayetakiwa kuleta kitabu kwanza.

Wanjau, katika sura ya Mzee Ojwang, hushtakiwa kwa makosa mawili. La kwanza, eti alieneza Kiswahili kibovu. Hilo halistahili wino mwingi: mhusika hasemi kwa niaba ya kamusi. La pili ni zito. Wanjau alikuwa Mkikuyu, na lafudhi aliyoigiza ni ya Mjaluo, ambamo sh hugeuka s, hata shida ikawa sida. Katika nchi ambamo jina na lafudhi viliweza kumponza mtu mwanzoni mwa 2008, kicheko juu ya matamshi ya kabila jingine si jambo la kupuuzwa.

Hata hivyo, wanaotoa dai hilo wameishia kwenye konsonanti moja. Mkikuyu asemapo Kiswahili hutatizwa aghalabu na l na r. Wanjau aliliacha kosa la nyumbani kwake, akalibeba la jirani, akaishi nalo jukwaani na kwenye runinga kwa miongo kadhaa. Hiyo ni kazi ya sikio lililofunzwa, na dhihaka tupu haidumu muda huo wote. Tena kicheko chenyewe kilitoka kwingine: kwa mzee anayedai heshima ya umri huku hila zake zikifichuliwa na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Mtazamaji alimcheka mwenye mamlaka aliyeumbuliwa sebuleni mwake, naye mzee wa namna hiyo hana kabila.

Macho yalipomwishia, umma ndio uliochanga fedha za matibabu yake mwaka 2012. Wahakiki wanaojaza kurasa kwa unyonyaji wa wafanyakazi ndani ya tamthilia hawakuiona mada hapo, labda kwa kuwa mfanyakazi huyu hakuwa ndani ya kitabu.

Matini basi i wapi? I katika vipindi vilivyosalia. Kunukuu kimoja, pamoja na vituo, miguno na vicheko vyake, ni kazi ya siku chache kwa mwanafunzi mwenye sikio. Anayekosekana ni msimamizi wa kuitia sahihi pendekezo lake.