Faiba Isiishie Maofisini

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Tangu kebo ya TEAMS ifike Mombasa mwaka wa 2009, serikali imevuta nyaya za faiba hadi makao makuu ya kaunti. Mwaka wa 2022 iliahidi kilomita 100,000 zaidi.

Swali langu ni hili: sisi wa Kaloleni, Kayole na Dandora twafaidika vipi? Siku hizi hata cheti cha kuzaliwa huombwa kupitia eCitizen. Mzazi asiye na mtandao nyumbani hukimbilia saiba, akalipa pesa ambazo zingenunua unga.

Tuna maktaba za umma Kaloleni na Makadara. Humo ndimo faiba yafaa iwe na kasi zaidi, tena bure. Zahanati na ofisi za chifu zifuate.

Wengine watasema eti vijana watatazama mpira tu. Sikubali! Maktaba ina mkutubi, na mwenye mchezo ataonyeshwa mlango. Lakini mtoto wa mama mboga akinyimwa mtandao, atashindanaje na yule wa Lavington katika KCSE?

Serikali ikumbuke: ahadi ni deni.