Msamaha wa silaha umhusu na mhunzi

Ndugu zangu wa Rukwa,

Naandika hasira ikiwa bado moto. Ile picha mliyoirusha kwenye kundi la ukoo, ya mhunzi aliyekalishwa chini na polisi, mivukuto na magobore yamepangwa mbele yake, nanyi mkamwaga vicheko chini yake, imeniudhi sana. Wafipa tunamcheka mhunzi!

Sitetei gobore. Limemaliza wanyama wetu, limeua na watu, na mtutu wa bomba la maji unaweza kumpasukia usoni anayelifyatua. Sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 ipo, ifuatwe. Silaha ichukuliwe. Ninachouliza ni hiki: ile mikono tunaifanyia nini?

Huku Pennsylvania, Marekani, nina jirani, mhasibu. Msimu mzima wa baridi alijifungia kwenye gereji akiunda bunduki ya shabaha, zile zinazojipakia risasi zenyewe kila ukivuta triga. Sheria ya shirikisho haimdai leseni mradi anajiundia mwenyewe, haundi za kuuza, wala hana rekodi inayomzuia kumiliki silaha. Kisheria, bunduki ni kile kiunzi cha chini kinachobeba triga. Mtutu, kitako na darubini huletwa mlangoni kama vifurushi vingine. Muundo wa bunduki hiyo ulibuniwa na Eugene Stoner miaka ya 1950. Hataza zake ziliisha 1977, ndiyo maana vipande vya viwanda tofauti vinaingiliana.

Siku ya kuijaribu alinialika shambani kwa wakwe zake, penye kilima cha udongo nyuma ya shabaha. Alipiga risasi moja, akasimama, akaligeuzageuza ganda kulikagua, ndipo akaendelea. Yadi 100, yaani mita 91 hivi. Matundu matano yakaenea chini ya sarafu ya senti 25, ambayo upana wake haufiki milimita 25. Akaandika upepo, joto na aina ya risasi daftarini. Wakwe wakampigia makofi.

Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu. Yule bwana hakutengeneza mtutu. Ulikerezwa na mashine ya watu wengine, kwa vipimo vya watu wengine, yeye akaunganisha. Mhunzi wetu amefua chuma kwa nyundo na jicho, bila maikromita, bila umeme. Mmoja anapigiwa makofi, mwingine anapigwa picha akiwa vumbini. Na msidhani naionea wivu Marekani kwa bunduki zake. Binti yangu shuleni anafundishwa kujificha chini ya dawati, mtu mwenye silaha asije akamwona.

Malungu ya babu zetu, zile tanuri za udongo za kuyeyushia chuma, zinazompita mtu kimo, mengine bado yamesimama Ufipa. Kule Kagera, watafiti Schmidt na Avery waliandika mwaka 1978 kwamba chuma cha pua kilitengenezwa huko kati ya miaka 1500 na 2000 iliyopita. Halafu leo tunaagiza bushi za pampu kutoka ng'ambo!

Sikilizeni basi. Polisi wanapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023, mwenye gobore huliacha kituoni akarudi kwake. Aliyelifua anabaki kichakani, na mwezi unaofuata anafua jingine. Msamaha umhusu na yeye. Aje na mivukuto yake, aandikishwe, asitiwe pingu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, tayari inawapima na kuwapa vyeti waashi na mafundi magari waliojifunzia mitaani. Mhunzi ana kasoro gani? SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, impe nafasi karakana, na mashine ya kukereza vyuma itoke kiwanda chetu cha mashine cha KMTC, wilayani Hai. Afue majembe, akereze ekseli za mikokoteni na vipuri vya mashine za kukoboa. Akirudia gobore, hapo sheria imshukie bila huruma. Mteja wa gobore huja usiku na pesa mkononi. Mteja wa jembe huja mchana, anakopa. Tusipobadili hesabu hiyo tutakusanya magobore mpaka wajukuu wetu wazeeke.

Mtaniambia: wewe tuliyekusomesha ufundi kwa kodi zetu, mikono yako iko wapi? Iko huku, inakereza vipuri vya watu. Mama aliuguzwa na nyie, si na mimi, na hela ninazotuma hazilifuti hilo. Najua. Lakini nyie ndio mnaoweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji, mimi siwezi. Ipelekeni hoja hii kwa diwani, aifikishe halmashauri kabla ya msamaha mwingine kutangazwa. Mchango wa mashine ya kwanza nitautafuta mimi na wenzangu wa huku. Diwani akisuasua, nitumieni namba yake nimpigie mwenyewe, hata iwe usiku wa manane kwangu.

Ndugu yenu,
Pennsylvania