Baiskeli ya Kipupwe: Tazama Fremu Kabla ya Rangi

Siku chache baada ya Idi, mpwa wangu alinijia hapa Iringa akitokea Mbeya, na katika simu yake alikuwa na picha ya fremu ya baiskeli. Ni kijana wa miaka 19. Kwa miaka miwili ameweka akiba kutokana na vibarua vya kupakia mizigo sokoni Mwanjelwa, ili apate baiskeli ya mbio. Azma yake ni kufanya mazoezi kipupwe chote katika barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu.

"Mjomba," akaniambia, "fremu hii ya alumini ni nyepesi mno. Niliinyanyua kwa vidole viwili."

Nikamuuliza, "Na breki zake zinafungwa wapi, mwanangu?" Akanyamaza.

Swali hilo halikunitoka kwa ujuzi wa vitabuni. Nilipokuwa na umri kama wake niliteremka kutoka mjini Iringa kwenda Ipogolo mvua ikinyesha. Nilibana breki kwa nguvu zangu zote, na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sikugusa kitu. Nilikuja kusimama ndani ya mtaro, na kovu la siku ile ningali nalo gotini.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Breki za kawaida hubana rimu kwa vipande vya raba. Rimu iko karibu na ardhi, hivyo huchota maji na tope la barabarani. Unapobana, raba hufuta maji kwanza, ndipo ianze kushika. Na katika mteremko, muda huo mfupi ni mita nyingi. Isitoshe, mchanga ulionata kwenye raba huikwangua rimu siku hadi siku, mpaka kuta zake zikawa nyembamba na hatari. Breki za diski hubana sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu, mbali na maji ya barabarani. Hushika mapema zaidi katika mvua, na kinacholika ni pedi ndogo na sahani yenyewe, vitu vinavyobadilishwa bila ya kulitupa gurudumu.

Nasi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini twaijua hali yetu. Mwezi wa Juni na Julai, alfajiri ya Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na umande na ukungu hulowesha lami. Barabara aliyoichagua mpwa wangu hupanda kutoka Uyole hadi Isyonje, kisha huteremka kuelekea Kiwira na Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe inayopata mvua nyingi kupindukia sehemu nyingi za nchi. Ni barabara hiyo hiyo ipitayo malori yaendayo Kasumulu, mpakani mwa Malawi.

Kijana akajitetea: "Lakini mabingwa wameshinda kwa breki za rimu miaka na miaka, mjomba." Ni kweli. Chama cha mbio za baiskeli duniani, UCI, kiliruhusu rasmi breki za diski katika mbio za barabara mwaka 2018 tu, baada ya majaribio. Lakini bingwa hufungiwa barabara ashindane. Wewe lori linakufuata nyuma na jingine linakuja mbele.

Ndipo akanieleza kilichonishtua. Fundi mmoja alikuwa amemwahidi kuchomelea kishikio cha diski kwenye fremu ile kwa bei ndogo. Wazazi wenzangu, hapa ndipo penye nasaha ya leo. Breki waweza kuibadilisha, kiti waweza kukibadilisha, matairi vivyo hivyo. Lakini fremu ndiyo inayoamua ni breki gani itafungwa, na uamuzi huo hufanyika kiwandani.

Breki ya diski huvuta kwa nguvu upande mmoja, chini karibu na ekseli. Kwa hiyo mguu wa kushoto wa foku, na bomba la nyuma la upande huo huo, hutengenezwa imara kuupokea mvuto huo. Foku ya breki za rimu haikukusudiwa mzigo huo. Tena alumini ikichomelewa, aghalabu hupoteza sehemu ya ugumu wake kando ya mshono, na viwandani huwako utaratibu maalumu wa kuurejesha. Hata gurudumu lenyewe halitaingia vizuri: fremu za mbio za breki za rimu kwa kawaida zina nafasi ya milimita 130 nyuma, ilhali za diski huwa na 135 au 142. Anayelazimisha hayo yote kwa moto wa kuchomelea ameokoa fedha kidogo kwa rehani ya mwili wa mtoto.

Basi, mzazi anayeongozana na kijana wake kununua fremu ya mazoezi ya baridi na mvua atazame mambo haya.

Kwanza, vishikio vya diski viwepo tangu kiwandani, mbele na nyuma, na foku iwe ya fremu ile. Pili, kimo. Sare ya shule twainunua kubwa ili mtoto akue nayo, na hiyo ni busara. Fremu si sare. Kijana asimame juu ya bomba la juu, miguu yote chini, na ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kisha aketi na kushika usukani pasipo kujinyoosha. Asiyezifikia breki kwa raha hazitamfaa, hata zikiwa za diski.

Tatu, nafasi ya tairi. Fremu inayopokea tairi la milimita 28 au 32, ikabakiza nafasi ya tope na madigadi, inafaa kuliko ile inayopokea tairi jembamba tu. Nne, chuma chenyewe. Kaboni ni nyepesi, lakini ikipasuka yahitaji fundi bingwa. Alumini haipati kutu kama chuma, lakini matengenezo yake si ya kila karakana. Chuma cha pua ni kizito zaidi, ila fundi stadi aweza kukitengeneza; nacho chataka kugeuzwa baada ya mvua ili maji yaliyoingia ndani yatoke.

Ikiwa fremu ni ya mtumba, ifuteni vumbi na kuikagua mchana kweupe: nyuma ya kichwa cha usukani, kwenye maungio ya pedeli, na kuzunguka vishikio vya breki. Rangi iliyopasuka kama unywele yaweza kuficha ufa. Na kwa anayeishi mbali na mafundi wa breki za mafuta, breki za diski za waya zatosha, kwani waya hupatikana na hubadilishwa kwa urahisi.

Siku ile dada yangu, mama wa kijana, alinipigia simu. "Kaka," akasema, "mwache anunue anachokitaka, lakini kisimrudishe nyumbani kwenye machela." Tulitafuta majuma matatu. Hatimaye mpwa wangu alinunua fremu ya chuma cha pua, ya mtumba, yenye vishikio vyake na rangi iliyochujuka. Hakuifurahia. Akiba yake haikutosha magurudumu, akarudi sokoni kubeba mizigo mwezi mwingine.

Juma lililopita alinipigia kutoka Mbeya. "Mjomba, kupanda Isyonje ni mzigo."

"Na kuteremka?"

Akacheka kidogo. "Kuteremka nasimama ninapotaka."

Nami nikamshukuru Mola. Tumefundishwa kumfunga ngamia kisha tutegemee, na tawakali haiondoi breki. Mzazi, kabla hujaomba dua ya safari mtoto anapotoka alfajiri, hakikisha umekwisha kuitazama fremu anayoipanda.

Tukutane juma lijalo, inshallah.