Chanjo ya ndigana kali ilizaliwa na Jumuiya, sasa imebaki yatima

Mfugaji wa Monduli, Kajiado, Kiruhura au Nyagatare hahitaji kuelezwa ndigana kali ni nini. Ndama anaamka na homa, tezi zilizo chini ya sikio zimevimba, anaacha kunyonya, pumzi inakuwa nzito, na mwishowe povu linamtoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Tangu siku aliyoumwa na kupe hadi siku ya kuchunwa ngozi, mara nyingi mwezi haujaisha. Ugonjwa huu, ambao madaktari wa mifugo wanauita pia homa ya Pwani ya Mashariki, unakadiriwa kuua ng'ombe zaidi ya milioni moja kila mwaka katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika.

Jambo la kusikitisha ni kwamba chanjo yake ipo, na si ya jana wala juzi. Ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa mifugo lililokuwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Kufikia mwaka 1975 watafiti wa Muguga walikuwa wamechapisha matokeo yao: ng'ombe aliyechanjwa mara moja alikuwa na kinga ya muda mrefu, pengine ya maisha. Miaka miwili baadaye Jumuiya ikavunjika. Reli ikagawanywa, ndege zikagombaniwa, na kila mtu anayakumbuka hayo. Chanjo haikugombaniwa na mtu. Ilibaki kwenye majokofu ya Muguga, na kwa zaidi ya miaka 20 wafugaji wengi wa nchi zile tatu hawakujua hata kuwa ipo.

Sehemu ya lawama ni ya siasa, lakini sehemu nyingine ni ya chanjo yenyewe, kwa kuwa haifanani na chanjo ambazo watu wamezizoea. Ng'ombe hadungwi vimelea vilivyokufa wala vilivyodhoofishwa. Anadungwa vimelea hai, vyenye uwezo kamili wa kumuua, na papo hapo anadungwa sindano ya pili ya oksitetrasaiklini, ile inayofanya kazi polepole mwilini kwa siku kadhaa. Yaani anaambukizwa na kutibiwa kwa wakati mmoja. Maofisa wengi wa mifugo waliiona kama kamari, na mtu asiyejua kinachotokea ndani ya mwili wa ng'ombe hawezi kulaumiwa akiona hivyo. Kwa nini visiuliwe kwanza vimelea hivyo, ndipo vitiwe kwenye chupa kama chanjo nyingine?

Jibu halipatikani kwenye damu wala kwenye josho. Limo ndani ya seli moja ndogo isiyoonekana ila kwa darubini.

Kupe wa masikioni anapofyonza damu, mate yake hubeba kimelea kiitwacho Theileria parva. Kimelea hicho hakihangaiki na seli yoyote. Kinatafuta limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, na kinaingia humo kwa dakika chache tu. Kwa lugha nyepesi, mwizi anakwenda kujificha kituo cha polisi. Vimelea vingine vikiingia ndani ya seli hubaki vimefungwa katika kifuko cha utandu, ila hiki hukipasua kifuko hicho mara moja na kukaa huru katika ute wa seli. Kisha hufanya jambo ambalo wataalamu wa seli walilistaajabia sana walipoligundua: hujishikiza kwenye nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa. Seli ikigawanyika mbili, kimelea nacho kinavutwa pande zote mbili, na kila seli mpya inazaliwa na mgeni wake ndani. Tena kinailazimisha seli igawanyike bila kukoma, kama saratani. Seli zilizoambukizwa zikitolewa kwa ng'ombe na kuwekwa kwenye chupa ya maabara huendelea kuongezeka pasipo mwisho, lakini zikitiwa dawa ya buparvakwoni inayoua kimelea, zinaacha. Saratani inayopona kwa sindano ni kitu ambacho hata watafiti wa magonjwa ya binadamu huja kukitazama.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini chanjo ya kawaida ilishindwa. Kinga ya mwili ina mikono miwili. Mkono wa kwanza ni kingamwili, zile protini zinazoelea katika damu na kumnasa adui akiwa bado nje. Mkono huo hauna msaada mkubwa hapa, maana adui hakai nje ila kwa dakika zile chache. Akishaingia ndani ya seli, kingamwili zinapita juu ya paa la nyumba aliyojificha bila kumwona. Ng'ombe aliyepona ndigana kali anazo kingamwili dhidi ya kimelea kilichomo ndani ya seli, lakini si hizo zilizomponya.

Mkono wa pili ni seli T zinazoua. Namna zinavyomtambua adui ilieleweka miaka ya 1973 na 1974 huko Canberra, Australia, pale Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walipokuwa wakichunguza panya walioambukizwa virusi. Kila seli ya mwili hukatakata sehemu ya protini zilizomo ndani yake na kuvitundika vipande hivyo kwenye utandu wake wa nje, juu ya vibao maalumu. Seli T hupita na kusoma vibao. Ikikuta vipande vya kawaida inapita. Ikikuta kipande kigeni, inailipua seli nzima pamoja na aliyemo. Wawili hao walionyesha kuwa seli T husoma vitu viwili kwa pamoja, kipande kigeni na kibao chenyewe, na kibao ni lazima kiwe cha mwili wake. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Doherty, kwa taarifa ya wanaodharau taaluma hiyo, alisomea udaktari wa mifugo.

Sasa yule kimelea aliyejifanya mjanja kwa kupasua kifuko na kukaa huru ndani ya ute wa seli anajikuta amejiweka mahali pale pale ambapo protini hukatwa na kupelekwa kwenye vibao. Hawezi kuishi humo bila vipande vyake kutundikwa nje. Lakini kimelea kilichokufa hakiingii ndani ya seli, hakitengenezi protini humo, na hakuna kinachotundikwa. Seli T hazifundishwi chochote. Ndiyo maana chanjo ya Muguga inataka kimelea hai: kiingie, kianze kazi, kionekane kwenye vibao, huku dawa ikikizuia kisiongezeke upesi kuliko seli T zinavyojifunza.

Uthibitisho wa wazi ulitolewa Nairobi mwaka 1994, katika maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyojulikana kwa kifupi kama ILRAD, ambayo sasa ni sehemu ya taasisi ya ILRI. Watafiti walichukua ndama mapacha wa kufanana, ambao vibao vyao ni vilevile. Pacha mmoja alikuwa na kinga. Seli T zake zinazoua zilichukuliwa na kuingizwa kwa pacha mwingine aliyekuwa ameambukizwa bila kuwa na kinga yoyote, naye akapona. Jaribio hilo halikuwa na mapambo, na lilimaliza ubishi wa miaka mingi.

Elimu hiyo haiishii maabara. Inaeleza karibu kila usumbufu ambao mfugaji anaulalamikia. Kwa kuwa kimelea lazima kiwe hai, chanjo haihifadhiwi kwenye jokofu la kawaida bali katika mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija ukishayeyushwa, lazima utumike ndani ya saa chache. Mrija mmoja kwa kawaida una dozi za makumi ya ng'ombe, jambo linalomfaa Mmasai mwenye boma kubwa, lakini mama wa Kiambu au Musanze mwenye ng'ombe wawili wa maziwa lazima asubiri hadi majirani wakusanyike. Kutengeneza fungu moja huchukua takriban mwaka mmoja na nusu na huhitaji ng'ombe, mamia ya sungura na kupe laki kadhaa. Hakuna kiwanda kikubwa cha dawa duniani kinachoitamani biashara ya kufuga kupe.

Usumbufu wa pili ni mzito zaidi, na ndio unaozihusu serikali. Seli T husoma vipande vidogo sana, na Theileria parva ana aina nyingi zinazotofautiana vipande. Ng'ombe nao hurithi vibao tofauti, hivyo wawili wa zizi moja wanaweza kuonyesha vipande tofauti vya kimelea kilekile. Kinga dhidi ya aina moja inaweza isimfae ng'ombe akikutana na aina nyingine. Watafiti wa Muguga walilijua hilo mapema kwa kujaribu tu, ndipo wakachanganya aina tatu katika mrija mmoja, moja ya Muguga, moja ya Kiambu na moja yenye asili ya Serengeti. Mchanganyiko huo ndio unaotumika mpaka leo. Umewafaa sana wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, hata wanaochunga karibu na nyati. Lakini jaribio lililofanywa Laikipia, Kenya, ambako ng'ombe waliochanjwa waliachwa wachunge pamoja na nyati, liliishia kwa vifo vingi. Nyati hubeba aina za kimelea ambazo mrija wa Muguga haujawahi kuzikutanisha na seli za ng'ombe.

Kuna pia hofu ya upande mwingine, nayo si ya kupuuzwa. Ng'ombe aliyechanjwa hubaki na vimelea vichache mwilini kwa muda mrefu, na kupe anaweza kuvichukua na kuvipeleka kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndigana kali ilizuka Komoro baada ya ng'ombe kuingizwa kutoka Tanzania, na watafiti walihoji kama ng'ombe waliochanjwa ndio walioupeleka. Wakurugenzi wa mifugo wa nchi kadhaa waliochelewa kuiruhusu chanjo walikuwa wakihofia jambo kama hilo: kuingiziwa aina ngeni kwa mkono wao wenyewe. Kenya, ambako chanjo ilizaliwa, iliiruhusu baada ya Tanzania kuwa imeshachanja kwa miaka mingi.

Hofu hiyo ni halali, ila imejibiwa vibaya. Kila nchi imejifungia na kuamua peke yake, wakati ng'ombe hawajifungii. Wanavuka Namanga, Mutukula na Kagitumba kila wiki, wengine kwa kibali na wengine usiku, wakiwa na kupe masikioni. Aina ya kimelea iliyoko Kajiado leo itakuwa Longido kesho, chanjo iwepo isiwepo. Swali la kama mrija fulani utaingiza aina ngeni haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua ni aina zipi ziko kwake na zipi kwa jirani. Kinachohitajika ni ramani moja ya aina za Theileria parva katika Jumuiya nzima, kutoka Turkana hadi Ruvuma na kutoka Kivu hadi Pwani, inayofanyiwa marekebisho kila mwaka na kuonwa na nchi zote. Vipimo vya vinasaba vya kuitengeneza vipo. Kanuni nzima ya vinasaba vya kimelea hiki ilichapishwa mwaka 2005, na wataalamu wanaoweza kuisoma wapo Nairobi, Morogoro na Kampala.

Jumuiya tayari ina utaratibu wa nchi kutambuana katika usajili wa dawa na chanjo za mifugo, ili mtengenezaji asizunguke na mafaili yaleyale mji hadi mji. Utaratibu huo ungeipa chanjo hii faida kubwa kuliko bidhaa nyingine yoyote, kwa sababu kila fungu linachukua muda mrefu hivyo kutayarishwa. Badala yake, nchi wanachama zimeliacha jambo kwa wafadhili. Hata uzalishaji haupo tena ndani ya Jumuiya. Umehamia Lilongwe, Malawi, katika kituo kinachofanya kazi nzuri lakini kinachobeba mzigo wa kanda nzima. Wamalawi hawana kosa. Kinacholeta aibu ni kuona nchi nane zenye mamilioni ya ng'ombe zinategemea chumba kimoja cha kufugia kupe, tena kwa jirani.

Na bado kuna kazi ya kutafuta chanjo isiyohitaji mtungi wa naitrojeni. Mwaka 2006 watafiti wa ILRI na wenzao walitangaza kuwa wamezitambua baadhi ya protini ambazo vipande vyake husomwa na seli T za ng'ombe wenye kinga. Ugumu uliobaki ni kuzifikisha protini hizo ndani ya seli bila kimelea chenyewe, ili zikatwe na kutundikwa, na kuchagua zile zitakazowafaa ng'ombe wenye vibao vya namna nyingi, Ankole, Zebu na chotara wa maziwa. Kazi hiyo ni ndefu na haina uhakika wa kufaulu. Inaendeshwa zaidi kwa fedha za Ulaya na Marekani, ambako ng'ombe hawafi kwa ndigana kali, na mwenye fedha akibadili mawazo inasimama.

Mawaziri wa mifugo wa Jumuiya hukutana mara kwa mara na kutoa maazimio kuhusu soko la pamoja la nyama na maziwa. Kwenye bajeti za Juni, kila mmoja arudi kwao na mstari mmoja wa fedha kwa ramani ya kimelea na fungu lijalo la chanjo. Kupe wataongezeka mvua za vuli zikianza, na ndama wa mwaka huu hawatasubiri mkutano mwingine.